Jina Kwenye Utepe Mwekundu

Harufu ilianzia kwenye wali.

Mwanaharusi alifunua sufuria aone kama maji yamekauka, mvuke ukampiga usoni, na mvuke ule haukunuka wali. Ulinuka moshi wa vijiti vya kufukizia, mtamu kwa juu, mchungu kwa ndani, kama mtu amechoma sandali juu ya majani mabichi. Mwanaharusi, jina lake hilo tangu kuzaliwa, alikuwa muuza udi. Udi, ubani, uvumba, sandarusi, vyote alivijua hata umfunge kitambaa machoni. Huu haukuwa wake.

"Mansour, hebu njoo unuse."

Mumewe alitoka bafuni na taulo shingoni, akainamia sufuria. "Wali tu huo, mke wangu. Mimba inakuchezea pua."

Alijibu kabla pumzi haijamfika puani. Mwanaharusi aliliona hilo, akaliweka moyoni.

Hakuwa mwanamke wa kuweka mambo moyoni. Kwenye meza yake ya biashara ya Mtaa wa Rockey, huku ugenini walikohamia kutoka Tanga, bei ilikuwa moja, na mteja akianza kuzungukazunguka aliambiwa akazunguke kwingine. Watu wa Bellevue walimwita Pilipili akiwapa mgongo. Alilijua, na hakulikataa. Lakini safari hii alikuwa amebeba kitu tumboni. Baada ya miaka ya hospitali, ya kunywa kombe la aya, ya kulia chooni bomba likiwa wazi ili asisikike, mimba ilikuwa imeshika, na ilishika mara tu Mansour aliporudi kutoka Guangzhou, China, alikokwenda kununua nguo za watoto na mabegi ya shule ya duka lake. Akajiambia, nyamaza, Mwana, usije ukammwagia mtoto hasira.

Akanyamaza. Harufu haikunyamaza. Ikahamia kwenye mashuka, kwenye nywele zake, kwenye maji ya kunywa.

Nyumba yao ilikuwa ya zamani, imegawanywa kwa mbao ikawa vyumba vya watu wengi, na jiko lilikuwa la wote. Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Marcelline, msusi kutoka Lubumbashi, mtu wa kanisa na wa kucheka. Siku moja walipokutana jikoni hakuwa akicheka.

"Dada, ule bwana yako anatengeneza nini mu chumba? Tangu asubui minasikia tok, tok, tok. Kichwa inaniuma."

"Mansour yuko dukani tangu saa moja."

"Basi njo nani anagonga?"

Wakasikiliza, kila mmoja na kijiko chake mkononi. Kweli kulikuwa na mtu anagonga. Mti juu ya mti wenye uwazi ndani, polepole, kwa mapigo yasiyopishana, kama mtu ambaye hana haraka kwa sababu anachokingoja hakina pa kwenda.

Mwanaharusi akaenda kufungua mlango wake kwa kishindo, maana mwizi akisikia kishindo hukimbia. Hakukuwa na mtu. Kitanda, masanduku, marobota ya kanga, jua la mchana dirishani. Akapekua nyuma ya pazia, akapiga teke chini ya kitanda, akafungua kabati na kulifunga, na kila alipokwenda mlio ule ukaenda naye, haukuwa karibu zaidi wala mbali zaidi, hadi aliposimama katikati ya chumba akihema, moshi usioonekana ukimchoma macho, akageuka kumuuliza Marcelline unatokea wapi, akamkuta Marcelline amesimama mlangoni na mkono umenyooka, kidole hakielekei ukutani wala kabatini, kinamwelekea yeye, chini ya kifua chake.

Marcelline alipiga magoti, akaweka sikio tumboni. Alipoinua uso, midomo yake ilikuwa imekauka.

"Iko umu ndani," alinong'ona. "Yesu wangu. Njo umu ndani inagonga."

*

Jumapili Bakiri alikuja kunywa kahawa. Alikuwa rafiki wa Mansour tangu Tanga, na safari ya China walikwenda pamoja. Mwanaharusi alimimina kahawa, akaketi, akauliza kwa sauti ya upole ambayo mtu anayemjua angeiogopa.

"Shemeji, huko Guangzhou mlitembea wapi zaidi ya sokoni?"

Mansour akakohoa. Bakiri hakuelewa kikohozi. Alipenda sana kusimulia.

"Shemeji, wee. Mzigo ulichelewa kufungwa, tukasema tusikae hotelini kama kuku wa kutaga. Tukaenda kutazama mahekalu ya Wabudha. Katikati ya mji kabisa, maghorofa kila upande, unaingia lango jekundu na kelele inakatika, kama umezamisha kichwa kwenye pipa la maji. Kuna mnara unauhesabu ghorofa mpaka shingo inauma. Ndani, masanamu ya dhahabu yaliyoketi, makubwa, yametulia mpaka unajionea haya kwa kukimbiakimbia kwako. Watu wanashika vijiti vya moshi, wanainama pande zote nne. Mtawa anasoma huku anagonga gogo lililochongwa mfano wa samaki, tok, tok. Tukala wali na uyoga, nyama hakuna, na nikashiba. Watu wa heshima wale. Hakuna aliyetuangalia vibaya."

"Enhe."

"Basi nje ya ukuta kuna mti umefungwa tepe nyekundu mpaka majani huyaoni. Unaandika jina, unaomba, unafunga. Mimi, Mungu anisamehe, niliona mchezo wa watalii. Nikaandika Bakiri, nikaombea goti langu, nikasema likipona nitaleta maua. Huyu bwana sasa." Akamgonga Mansour begani, akicheka. "Huyu alitetemeka. Eti yeye mtu wa swala tano, jina lake haliwezi kuning'inia kwenye mti, ni shirki. Akaandika lako."

Kicheko kikamfia peke yake. Aliwatazama mke na mume, akaweka kikombe, akakumbuka kwamba gari lake halikuegeshwa vizuri.

Mlango ulipofungwa, Mwanaharusi hakupaza sauti. "Uliomba nini?"

"Mtoto, Mwana. Nilikuombea wewe mtoto."

"Ukaahidi nini?"

Mansour alikuna kiganja.

"Bakiri kaahidi maua. Wewe uliahidi nini?"

"Nilisema... akipatikana, nitatoa chochote."

Chochote. Huko Tanga hata mtoto anayecheza kombolela anajua kwamba nadhiri hutajwa. Kuku mweupe, pishi ya mchele, shuka la kitambaa fulani. Unakitaja na mlango unaufunga palepale. Ukiuacha wazi, umekaribisha mwenye njaa ajipakulie. Tena nyumba ya ibada haina kosa, iwe ya nani. Kosa ni la wale wanaojibanza nje ya ukuta wake, wasioonekana, wanaookota maneno ya watu waliosema bila kufikiri. Wako hata nje ya misikiti. Mansour aliyajua hayo yote. Ndiyo maana hakuandika lake.

"Kwa hiyo jina lako dhahabu," alisema Mwanaharusi, "na langu kitambaa cha kufutia viatu."

"Nilikuwa na nia njema, wallahi."

"Nia njema ungeifunga kwa jina lako. Ungeniambia, Mwana, nimefanya ujinga, tuutafutie dawa. Wewe ukaninusia wali ukaniambia ni mimba. Mimi nalala na hiki kitu kinanigonga kwa ndani, wewe unajua, unavuta blanketi."

Tumboni mwake, taratibu, gogo lilijibu.

*

Bi Zabibu alikuwa mwanamke mnene wa Pangani, mpangaji wa mtaa wa La Rochelle, fundi wa majini ambaye hata Wakongo walimpigia simu pale maombi yalipogoma. Mwanaharusi alimwita, naye akaja alasiri, wakati ambao umeme wa mtaa ule ulikuwa umekatwa, akaingia, akanusa, akamtazama Mansour kama atazamavyo samaki wa jana.

"Ni wewe," alisema. "Kaa pale. Usitoke."

Akawasha makaa kwenye chetezo, akatia ubani, akamfunika Mwanaharusi shuka jeupe kichwani. Kisha akaanza kuita, kwa majina ya pepo wa pwani na wa bara, na hakuna aliyeitika, mpaka alipoacha kuita majina na kusema tu, "Ewe mgeni wa mbali, sema."

Mwanaharusi alihisi baridi ikipanda kutoka kwenye nyayo, ikapita magotini, ikazunguka tumbo bila kuligusa, kama mtu anavyozunguka kilicho chake asije akakimwaga, ikapanda kifuani na kooni, na ilipofika mdomoni akausikia mdomo wake mwenyewe ukifunguka, ulimi wake ukinyanyuka, na sauti iliyokauka kama jani ikipita katikati ya meno yake wakati yeye, Mwanaharusi mwenyewe, akiwa amesukumwa nyuma kabisa ya kichwa chake, amesimama pale kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake akichungulia dirishani.

"Mimi jirani wa mti."

"Unataka nini?" aliuliza Bi Zabibu.

"Niliambiwa chochote. Nimechagua. Nangoja kiive."

Bi Zabibu akaongeza ubani. "Nani aliyekuambia?"

"Mwanaharusi. Jina lake liko juu ya mti. Upepo unalisoma kila siku."

"Nitatoa mbuzi," Mansour alisema kutoka kona yake, machozi yakimtiririka. "Nitatoa mbuzi wawili, na mchele, na..."

"Hapa pana anayesema?" iliuliza sauti. "Nasikia maneno hayana mwenyewe."

Hilo ndilo lililomchoma Mwanaharusi. Si woga, woga ulikuwa umeshapita kiasi. Ni kwamba hata huyu jambazi wa upeponi alimwona mumewe si mtu, na bado aliyedaiwa ni yeye. Hasira ikamjaa huko nyuma ya kichwa alikosukumwa, hasira ya kila mteja aliyejaribu kumlaghai, akausukuma mlango kwa bega, akauma ulimi wake hadi akaonja damu, na mdomo ukawa wake.

"Nasema mimi mwenye jina," alisema, akihema. "Sikulitoa. Liliibwa. Wewe umeuziwa mali ya wizi, na mwizi yule pale anatetemeka. Mtoto wangu humpati. Mdai aliyekuahidi."

Kugonga kukakoma. Hata makaa yaliacha kupasuka.

Sauti iliporudi, haikupita mdomoni mwake. Ilitoka kwenye moshi. "Basi anipe alichonificha. Jina lake, lote, liwe langu. Mtoto awe wenu."

"Usikubali kwa papara," Bi Zabibu alimwambia Mansour haraka, kwa kunong'ona. "Hicho ukishakitoa hakirudi. Mimi sina dawa yake."

Mansour alimtazama mkewe, akatazama tumbo.

"Nilikuwa mwoga, Mwana."

"Ulikuwa mwongo," alisema Mwanaharusi. "Sasa sema kweli mara moja."

Angeweza kusema basi, tutafute njia nyingine. Hakusema. Mumewe akatambaa hadi kwenye chetezo, akainama, akalitamka jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Moshi ukapinda, ukavutwa kama mtu anavyovuta uzi wa tambi, ukaisha.

Harufu ikatoka chumbani papo hapo. Mwanaharusi aliweka mkono tumboni, na kwa mara ya kwanza akahisi teke; teke dogo, laini, la nyama.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Zabibu akijifuta jasho. "Mmesalimika, mama. Nawe pia..." Akamgeukia yule mwanamume. "Nawe, baba, unaitwa nani vile?"

Mwanamume akavuta pumzi ajibu. Pumzi ikatoka tupu.

*

Mwanzoni watu walijua kujiokoa. Dukani wakamwita bosi. Marcelline alisema ule bwana yako, kama siku zote. Bakiri, aliyecheza naye utotoni, alisema "we jamaa" mara mbili tatu, akaona haya, akaacha kuja. Ukifungua pasipoti yake, macho yaliteleza juu ya mstari wa jina kama maji juu ya jani la mgimbi. Baadaye wengine wakaanza kumpita mlangoni bila salamu, kana kwamba mlango hauna mtu.

Aliyeumia zaidi alikuwa Mwanaharusi, kwa sababu yeye alikuwa na deni la ugomvi ambalo hakuwa amelimaliza. Kila asubuhi alisimama jikoni amejaa, tayari kumpa mtu yule haki yake yote, na kila asubuhi maneno yalikosa mtu wa kumwangukia. Ugomvi unahitaji pa kushikia. Alisema wewe, na wewe ni kila mtu. Mumewe naye aliosha vyombo, akambebea maji, akangoja kutukanwa.

Msichana alizaliwa mzima, mwenye mapafu ya mama yake. Siku ya akika chumba kilijaa, na shehe akampakata mtoto.

"Najma," alisema, akitabasamu. "Najma binti wa nani?"

Waliokuwapo wakatazama mkeka. Mwanaharusi akafungua mdomo. Hasira ilikuwapo, moto kama siku ya kwanza, akaitumia kusukuma ulimi, akilitafuta lile neno moja alilolipigia kelele miaka yote ya ndoa, na mahali pake palikuwa laini, pamepona, kama ufizi uliong'olewa jino zamani.

"Binti wa huyu," alisema.

"Huyu nani, mama?"

"Huyu," alikaripia, akinyoosha kidole kwa mwanamume aliyeketi kando ya mlango, mikono magotini. Watu wote wakageuka kufuata kidole. Macho yao yakamfikia, yakampita, yakaenda mpaka ukutani, kisha yakarudi kwa Mwanaharusi, yakingoja awaonyeshe mtu.