Ubao Uliofungiwa Kabatini

Zakia alikuwa mtoni, pale Kwai, akiosha karoti na wanawake wenzake. Siku nyingine hakuna aliyemzidi kwa maneno. Angeanza na bei ya kabichi, akapitia harusi ya kijijini Rangwi, akamalizia kwa mumewe, na mikono haijasimama. Wiki ile alikuwa kimya. Kila mtoto alipoteremka mbio, aligeuka kumtazama.

Sababu ni binti yake, Nasra. Nasra ana miaka tisa na ana usonji. Hajawahi kusema hata neno moja. Mwezi ule alikuwa ametoroka shuleni mara tatu, akavuka barabara ya malori ya mboga. Mwalimu mkuu alimwita Zakia ofisini. Alimwambia kwa upole, lakini alimwambia: akitoroka tena, atabaki nyumbani.

Saa nne na nusu msichana wa darasa la saba aliteremka mbio.

"Shikamoo, mama. Nasra katoka tena. Lori limemkosakosa."

Zakia aliacha karoti majini. Alipanda kilima mbio. Alimkuta Nasra nyumbani, salama, amesimama mbele ya kabati, anapiga mlango wake kwa viganja. Hilo lilikuwa jambo lake la kila siku. Kila siku alipiga kabati lile, na kila siku Zakia alimchapa kwa utundu huo.

Alikuwa ameshainua mkono, mtu akabisha hodi. Alikuwa Mwalimu Beatha, mwalimu wa elimu maalumu, anahema kwa kukimbia. Alikuwa likizo ya uzazi kwa miezi mitatu, na ile ndiyo siku yake ya kwanza kurudi kazini.

"Mama Nasra," aliuliza, "ule ubao wa picha niliomwachia mtoto uko wapi?"

Hapo Zakia alipata nguvu kidogo, maana mali ya shule alijua kuitunza. Alifungua kufuli la kabati. Chini ya cheti cha kuzaliwa alitoa furushi la kanga, akafungua mafundo matatu. Ubao ulikuwa mpya kabisa, hauna hata alama ya kidole. Picha zake zilionekana vizuri: maji, choo, shule, sikio, maumivu, mama, kelele, acha, ndiyo, hapana.

"Ningempa angeuharibu," alisema.

Nasra aliunyakua, akaukumbatia.

Beatha aliketi mkekani. "Mama Nasra, huu si wa kufungia. Mtoto anaelewa tunayosema, ila maneno hayamtoki mdomoni. Hapa ndipo anaposemea. Awe nao shingoni, nyumbani, njiani na shuleni. Ukichakaa nitatengeneza mwingine."

Zakia alilitazama kabati. Miezi mitatu mtoto alikuwa akiomba kusema, naye alikuwa akimchapa. Alishikwa na aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Beatha hakumlaumu. Alimweleza kwamba yeye pia aguse picha anapozungumza na Nasra, ili mtoto aone kuwa ubao ni wa kila mtu. Halafu amuulize swali, anyamaze, angoje. Wengi hushindwa hapo pa kungoja. Kisha mwalimu aligusa picha ya shule.

"Nasra, shuleni kuna nini?"

Kimya. Zakia alifungua mdomo. Beatha aliinua kidole, Zakia akaufunga. Kimya tena. Maisha yake yote Zakia hakuwahi kukaa kimya namna ile mbele ya mgeni. Hatimaye kidole cha Nasra kilitembea. Sikio. Maumivu. Shule.

Zakia aliinuka kutafuta dawa ya sikio. Beatha alimzuia, akamuuliza Nasra kama anaumwa sikio. Nasra aligusa hapana. Akachukua mfuniko wa sufuria, akaugonga kwa mwiko mara moja, akautupa, akaziba masikio.

"Ni rimu," Beatha alisema.

Kengele ya shule ilikuwa rimu la gurudumu la lori, na mwezi ule lilikuwa limetundikwa nje ya dirisha la darasa la Nasra. Mara zote nne alitoroka saa nne, kengele ya mapumziko ilipogongwa. Beatha alieleza kwamba watoto wengi wenye usonji huumizwa kweli na sauti kali. Hilo si deko wala ukaidi.

Kesho yake Zakia alikwenda ofisini na Nasra, ubao ukiwa shingoni mwa mtoto. Alikuwa na hotuba nzima kichwani. Alipomaliza kuamkia tu alikumbuka kungoja, akafunga mdomo. Mwalimu mkuu aliuliza, akangoja, na kidole kikatembea. Jumamosi rimu lilihamishiwa nyuma ya stoo. Siku hizi mwanafunzi wa zamu humwonyesha Nasra picha ya kelele kwanza, ndipo huenda kuligonga.

Huu ni mwezi wa pili na Nasra hajatoroka. Kabati halina kufuli. Ubao una madoa ya uji, na kona moja imetafunwa na mbuzi.

Jana jioni Zakia alirudi kutoka mtoni na maneno yake yote. Alianza kumsimulia mumewe, Mbaraka, habari ya kabichi, akapitia Rangwi, sauti inapanda. Nasra alikuja akasimama mbele yake. Kidole kikatembea. Mama. Acha. Kelele.

Miaka tisa Zakia alikuwa amemwomba Mungu mwanawe amwambie neno moja tu. Sasa alikuwa ameambiwa matatu. Alinyamaza papo hapo, akacheka huku analia, bila kutoa sauti.