Misumari ya Pembe Nne

Harufu ya nywele zilizoungua ilianza Jumapili mchana, na Jumapili Marcelline hashiki kitana cha moto hata aje kusukwa malkia. Saluni yake kule Point, jijini Durban, ilikuwa imefungwa, yeye mwenyewe yuko nyumbani Umbilo anatwanga sombe, kisamvu cha kwao, na bado harufu ikawa inashuka kutoka darini, nzito, ya karibu, kama kuna kichwa cha mtu juu ya kichwa chake. Akaacha mchi, akatoka uani.

"Honoré, kule juu ulichoma nini?"

"Mimi? Nichome nini? Nilipima tu," akasema mumewe. Alikuwa amechuchumaa kwenye sementi, nyundo mkononi, ananyoosha misumari.

Hapa ngoja nikwambie kidogo habari za huyu bwana, usije ukamwona mjinga, maana mjinga hakuwa. Honoré alijifunza useremala Bukavu, miaka ambayo msumari mpya ulikuwa anasa, na fundi aliyemfunza alimtandika kwa kila msumari alioacha kwenye mbao kuukuu. Unang'oa, unalaza juu ya jiwe, unagonga polepole mpaka unyooke, unatia mkebeni. Sasa yuko Durban, na kiwandani anakofanya kazi, Pinetown, misumari inafagiliwa pamoja na takataka, lakini nani ataueleza mkono wa fundi? Msumari usioshika kitu ulimkera kuliko jino bovu.

Siku hiyo alikuwa amepanda darini kupanga kazi ya paa jipya. Paa lote lilikuwa la kubomoa: mabati yameoza, kenchi zimeliwa na mchwa, mvua ikinyesha wanatega masufuria mpaka kitandani. Mwenye nyumba, mama mmoja mtu mzima wa Chatsworth aitwaye Mama Saida, alikuwa amepatana nao vizuri. Yeye alete mbao na mabati, Honoré atoe nguvu zake, halafu waishi humo mpaka wachoke wenyewe.

Kwa Marcelline, neno hilo lilikuwa kubwa kuliko harusi yake. Tangu Bukavu alikuwa mtu wa kuhama tu. Mwaka ule wa fujo za kufukuza wageni, 2008, watu waliokuwa wakinunua nyanya kwake ndio waliomtoa nje na godoro lake kichwani, na pale Point baadaye walibanana chumba kimoja familia tatu, pazia ndiyo ukuta. Miaka minne ilikuwa imepita na bado hakuweza kusikia mlango ukigongwa bila moyo kumruka. Alishamwapia Honoré: nyumba hii atatoka amebebwa.

Basi kule darini, kwenye zile mbao nene zinazolala juu ya kuta, Honoré alikuta msumari mmoja katika kila pembe ya nyumba. Mirefu, ya chuma cheusi, imezama nusu, na haikushika chochote. Akaing'oa yote minne. Ndiyo aliyokuwa akiigonga pale uani, ingawa haikuwa imepinda hata kidogo.

Kesho yake Honoré alipanda taxi ya Pinetown kungali giza. Marcelline alikuwa jikoni anasafisha vyombo aliposikia mita ya kupimia ikifanya kazi darini. Sauti hiyo aliijua vizuri: utepe wa chuma unavutwa, unatulia, unajirudia ndani na kishindo kidogo mwishoni. Ukavutwa tena. Akadhani mumewe amerudi.

"Honoré? Hukuenda kazini?"

Akageuka achukue kitambaa, na hapo ndipo alipoiona mita yenyewe, mita ya pekee mle ndani, imelala mezani kando ya kopo la sukari. Juu, utepe ukavutwa tena.

Jioni alimweleza mumewe kwa kunong'ona, kana kwamba dari lina masikio.

"Iko mutu kule juu."

"Ni panya."

"Panya anapima?"

"Panya wa Durban hawa, wamesoma," akasema Honoré, akacheka. Marcelline hakucheka. Ikabidi Honoré achukue tochi na mita apande, kwanza kumtuliza mke, pili alikuwa na hesabu za kenchi hajamaliza.

Aliposhuka, ule mzaha ulikuwa umemtoka usoni. Akakaa kitandani. Akasema kwenye kenchi kuna alama zake za penseli za jana, sawa, lakini pembeni yake kuna nyingine, penseli ileile, mkwaruzo uleule wa kulalia kushoto, ambazo hakuzichora yeye. Alizipima. Hazikulingana na kitu chochote cha paa.

"Moja nililaza mukono wangu pale," akasema. "Toka bega mpaka kidole. Inaenea sawasawa. Ingine ni urefu wangu. Ingine ni kichwa, toka sikio mpaka sikio." Akaiweka mita kitandani. "Haipimi nyumba, Marcelline. Inanipima mimi."

Mwanamke mwingine angempigia mwenye nyumba dakika ileile. Marcelline aliogopa. Aliliogopa lile la juu, ndiyo, ila la kuambiwa "basi hameni" aliliogopa zaidi, akasema moyoni kwamba Mama Saida asijue, haya ni mambo ya kumalizwa na kanisa. Wakamwita Mchungaji Gustave.

Mchungaji akafika jioni iliyofuata, Biblia kwapani, sauti yake ile inayotikisa spika za kanisani. Akasimama katikati ya sebule, akainua mikono, akaanza kukemea, na mwanzoni walidhani ni mwangwi wa chumba, maana kila neno alilolitamka lilirudi kutoka darini likiwa limechelewa kidogo tu, sauti yake yeye mwenyewe, mkwaruzo wake mwenyewe wa koo, mpaka kile kikohozi chake, na kadiri alivyozidi kupaza ndivyo na la juu lilivyozidi, na harufu ya nywele ikawa inashuka hata macho yakawawasha, mpaka mchungaji akanyamaza ghafla katikati ya sentensi, na la juu halikunyamaza bali liliendelea peke yake, likamalizia sala ile kwa utaratibu mzuri, halikuruka neno, likasema Amina.

"Hii inataka kufunga kwanza," akasema Mchungaji Gustave polepole. "Kufunga na kuomba." Akaondoka kwa adabu zote, koti lake akaliacha kwenye kiti, na hakurudi kulifuata.

Baada ya hapo nyumba haikutulia. Vyombo vilikaa mahali pake, milango ilikaa mahali pake, ila mtu hakuweza kukaa. Ukikaa unasimama, ukisimama unasikiliza. Marcelline alianza kubaki saluni mpaka usiku makusudi, akawasuka wateja mistari iliyopinda mpaka wakawa wanamuuliza kama ni mgonjwa. Siku moja mchana, yuko jikoni, akasikia Honoré anaita kutoka sebuleni, "Marcelline, niletee maji," sauti ya mtu aliyetoka kazini amechoka, na mwili wake ukatii kabla ya akili, akajaza kikombe, akavuka korido, akasukuma mlango kwa kiwiko, akanyoosha mkono wenye kikombe kuelekea kwenye kiti, na ni hapo, mkono ukiwa umenyooka, ndipo alipokumbuka kwamba Honoré yuko Pinetown, na kwamba sauti ile safari hii haikutoka darini, na kwamba hewa iliyokuwa juu ya kiti kitupu ilikuwa ya moto, inakuja na kurudi, inampiga kwenye vidole.

Akakiacha kikombe kikaanguka. Akampigia Mama Saida kutoka barabarani.

Mama Saida ni wa wale watu ambao Durban yote inawaita Wazanzibari, na Kiswahili chake alirithi kwa wazee wake. Alifika na mtandio mweusi, akasimama kizingitini, akavuta pumzi mara moja tu.

"Nani kang'oa misumari?"

Honoré akainamisha kichwa. Mama Saida akaingia, akakaa, akawaeleza bila kuzungusha. Huyo wa juu alikuwamo humu kabla yao wote. Marehemu mumewe, aliyekuwa mwalimu wa madrasa, alijaribu kumtoa akashindwa, mwisho akamfungia juu kwa misumari aliyoisomea dua ili asishuke. Wakaishi chini yake miaka, wala hawakudhurika.

"Mama, sasa mbona hukutuambia?" akauliza Marcelline.

"Ningewaambia, mngeingia? Nilimwambia mumeo zile mbao za juu ya kuta asiziguse."

"Sikugusa mbao, Mama," akasema Honoré, kwa unyonge wa mtu anayesema kweli. "Niling'oa misumari tu."

"Mchuma janga hula na wa kwao," akasema Mama Saida. Kisha akatoa amri zake. Aliyeng'oa ndiye atakayeirudisha, peke yake, kwenye matundu yaleyale, na yeye Mama Saida atasoma dua akiwa chini. "Ukimaliza wa nne, shuka. Utaitwa. Usigeuke hata ukiitwa na mama yako mzazi. Kitakachobaki juu hakishuki tena. Na sikilizeni: misumari ile ikitoka mara ya pili, hapafungiki tena hapa. Mtahama, na mimi nitaibomoa hii nyumba mpaka msingi."

Akamgeukia Marcelline, sauti ikalegea. "Nami nimehamishwa, mwanangu. Serikali ilitutoa mtaani kwetu Kings Rest nikiwa mtoto. Sikutakii hilo."

Jumamosi saa tisa, jua la kuchoma mabati, Honoré akapanda. Marcelline akabaki koridoni ameshika ngazi, Mama Saida mlangoni anasoma chini kwa chini. Nyundo ikalia pembe ya jikoni. Ikalia pembe ya chumba cha kulala. Ikalia ya tatu, upande wa barabara, na baada ya hapo ikaja kimya ambacho Marcelline alikihesabu kwa mapigo ya moyo wake mpaka akapoteza hesabu, na ndani ya kimya hicho akamsikia mumewe akiuliza kwa sauti ndogo, "Nani?" Halafu nyundo ikalia ya nne, harakaharaka, na miguu ikaonekana kwenye ngazi, na Honoré akashuka.

Harufu ikakatika palepale. Hewa ikawa nyepesi, mtu akaweza kusikia hata redio ya jirani. Mama Saida akapangusa uso kwa viganja, akamshukuru Mungu, akasema mabati yatafika Jumatatu, akaenda zake kuwahi taxi ya Chatsworth.

Marcelline alilia kwa furaha, machozi yakadondokea kwenye sufuria ya bugali naye akawa anayacheka. Akapakua sombe, akapakua samaki, akaketi mbele ya mumewe akimtazama anavyokula. Imekwisha. Watakaa. Ataweka mapazia ya kushona, yale ya kuning'inia moja kwa moja, si ya kubana kwa pini. Ndipo akaona kwamba shati la Honoré ni safi. Saa nzima ndani ya dari la vumbi na mchwa, chini ya mabati ya moto, na kwapani hapakuwa na jasho.

"Lete mkono niuone," akasema.

Akampa. Marcelline akakifungua kiganja. Seremala wa miaka ishirini kazini, na ngozi ilikuwa laini, haina sugu hata moja, haina hata lile kovu la msumeno kwenye kidole gumba. Vipimo vyote vilikuwa sawa, urefu wa vidole, upana wa kiganja, vyote.

Juu yao, upande wa pili wa dari, kitu kikagonga kwa unyonge.

"Marcelline." Sauti ilikuwa kavu, ya mtu aliyepiga kelele muda mrefu bila kusikika. "Niligeuka. Nisamehe. Ng'oa musumari, hata mumoja."

Mwanaume aliyekuwa mezani akamega bugali. "Usisikilize," akasema kwa upole. "Ni lile la kuiga. Tumelifunga. Kula, chakula kinapoa."

Marcelline akaitazama nyumba yake. Aliitazama yote, ukuta kwa ukuta, akaiona Jumatatu na mabati yake mapya, na mvua ya Oktoba ikipiga juu bila tone kuingia, na huyu hapa akila kila jioni, hatoki jasho, hazeeki. Akakumbuka na neno la Mama Saida, kwamba misumari ikitoka mara ya pili hapafungiki tena, akaliona godoro kichwani mwake tena. Kisha akasimama, akafungua sanduku la vyombo vya kazi, akachukua koleo, akaenda koridoni.

Nyuma yake akasikia kiti kikisogezwa. Nyayo zikamfuata bila haraka, na mikono miwili laini ikaikamata miguu ya ngazi, ikaikaza isiyumbe.

"Panda taratibu," akamwambia. "Nimekushikia."

Marcelline akaliuma koleo kwa meno, akapanda.