Bwana Harusi wa Stoo ya Pamba

Mwaka ule mitumba ilipofurika Musoma na watu wakapumzika kushona viraka, Nyamburi alidaka mkono wa kushoto wa koti la kahawia sokoni. Mkono wa kulia ulishikwa na kijana mrefu, shati jeupe, viatu vinang'aa, na harufu ya gongo aliyodhani ameifunika kwa pipi ya mnanaa.

"Dada, hili la kiume."

"Basi kamwite mwanamume aje alichukue."

Koti alilikosa, jina la Nyamburi akalipata. Yeye aliitwa Clementi, fundi wa mashine za kuchambua pamba Bunda, mpangaji wa Nyasura. Kila Alhamisi saa kumi alipiga simu kutoka posta hadi dukani kwa Mzee Alawi, Mwisenge, jirani na kwao Nyamburi, ambako wateja walisahau ghafla walichokuja kununua. Humo humo simuni alikiri kwamba kila asubuhi hunywa ili mikono itulie. Mara mbili aliapa kuacha. Mara mbili alishindwa.

Hata hivyo wakachumbiana, kisha ikapangwa Jumapili ya wakwe, watu wa Nyamburi, kwenda Buswahili, kwao Clementi, kukagua ng'ombe wa mahari. Alhamisi ya kabla yake simu haikulia. Nyamburi aliamini amerudia chupa. Ijumaa alivaa gauni jekundu, la kuvunjia uchumba, akapanda basi.

Buswahili alimkuta Magige, baba mdogo wa Clementi, ameketi mlangoni pa stoo ya pamba, ufunguo shingoni, mwenye hadhi ya hakimu. Alieleza kwamba bwana harusi amefungiwa tangu Jumanne bila tone, ili Jumapili wakwe wakute mtu mkavu na ng'ombe wanono.

Kwenye upenyo wa mlango Nyamburi alimwona Clementi akitetemeka, jasho chapachapa, akijipukuta siafu ambao hawakuwapo.

"Ni pombe inatoka," alisema Magige.

"Baba mdogo, fungua. Au nauvunja huu mlango, na wakwe nitawaambia mwenyewe kwa nini."

Magige aliutazama mlango, akamtazama binti, akafungua.

Hospitalini Dakta Mihayo, mama mfupi asiyependa mizaha, alisema mwili uliozoea pombe kila siku, ukikatiwa ghafla, unaweza kuingia degedege na hata kufa. Atapewa dawa ya kupunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini. Huo ni mwili tu. Baadaye kuna mshauri kila wiki, na wenzake walioacha wanaokutana Jumamosi. Achague, au achukue vyote. Nyamburi aliuliza kuhusu unga unaouzwa stendi, ule unaotiwa kwenye chai ya mlevi kwa siri. Daktari alijibu kwamba hakuna aliyethibitisha unatibu, ila kudhuru unaweza.

Clementi alichukua vyote.

Jumapili Magige alikuja kashika kofia, akanong'ona kwamba wakwe wako nje na wameambiwa ni malaria. Clementi, amevaa pajama ya hospitali fupi ya aibu, aliomba waingie.

"Baba, siyo malaria," alimwambia baba yake Nyamburi. "Nilikuwaga mlevi wa kila asubuhi. Natibiwa."

Mzee alivuta kiti karibu na kitanda. Akasema ng'ombe ameshawaona. Atarudi baada ya mavuno kumkagua mtu.

Wakwe walipotoka, Clementi alimshika Nyamburi kidole. "Na nikianguka tena?"

"Tunarudi hapa. Ila ukinificha, utanikosa."

"Basi nikuoe?"

Magige alimkonyeza ajibu kwa sauti ya chini, wadi imejaa. Nyamburi alisimama, gauni jekundu likimetameta, akajibu kwa sauti iliyowaamsha wagonjwa tisa:

"Nakubali kuolewa na huyu anayetibiwa pombe. Mwenye swali aulize."