Bampa Hayupo Kwenye Gogo

"Kama kobe wako yumo humu, basi nimemzaa mimi," Mama Spana alisema. Alikuwa amejishika kiuno na kuliziba geti lake kwa mwili mzima. "Ingia upekue. Ila ukimkosa, mwanangu, utaniambia nini?"

"Mama, hiki chombo hakina chuki na mtu. Kinalia kikielekea kwako."

Na kweli kilikuwa kinalia. Ti, ti, ti, sauti kali ya kukera meno, kutoka kwenye kiredio kilichoning'inia kifuani mwa Dada Kobe. Mkononi alishika antena pana kama mtu anayetafuta picha ya televisheni, na kila alipoielekeza kwenye ukuta wa mabati wa karakana ya Spana, mlio ulipanda. Mtaa mzima ulishajaa pale. Mama Spika, ambaye habari za watu kwake ni kama hewa, alikuwa ameacha nguo kwenye beseni na kuja na povu mikononi.

Dada Kobe si jina alilopewa na wazazi wake. Mtaa ndio uliompa, kwa sababu kazi yake ni kuwachunguza kobe wa majini kwenye bwawa la matete lililo nyuma ya nyumba zao. Huwapima, huwatia alama, na wachache huwagandishia mgongoni kifaa kidogo cha kurusha mawimbi ili ajue wanalala wapi na kutaga wapi. Kati ya wote, kipenzi chake ni jike mmoja mzee. Mwaka uliopita jike yule alivuka barabara kwenda kutaga, pikipiki ikampasua gamba. Dada Kobe alimbeba ndani ya sweta lake, akilia njia nzima, mpaka kwa jirani yake Spana, fundi magari, akamwomba afanye lolote. Spana akauziba ufa kwa faiba ile ile anayozibia bampa za magari, akapaka na rangi ya kufanana na gamba. Kobe akapona, akaitwa Bampa.

Tangu hapo Spana akawa mtu wa bwawani. Jioni akishanawa grisi, alikwenda kukaa na Dada Kobe kwenye majani, akafundishwa kutotupa kivuli chake majini, kutokanyaga kwa kishindo, na kusubiri vichwa viibuke kimoja kimoja kama vidole. Walikuwa wanacheka kwa kuziba midomo. Watu wakaanza kuwaozesha kwa maneno.

Kisha akaja Tai. Mtaa ulimwita hivyo kwa sababu hata siku ya kwenda kunyoa alivaa tai. Alikuwa wakala wa kusafirisha mizigo, ananukia vizuri, ana gari linalong'aa, na zaidi ya yote alipenda kobe. Ndicho kilichommaliza binti wa watu. Mwanamume gani huyu anayeuliza kobe wameamkaje kabla hajauliza wewe umeamkaje? Akamvisha pete. Harusi ilipangwa kuwa Jumamosi hii. Sharti lake lilikuwa moja tu: yule fundi mwenye mabuti ya matope asiende tena naye bwawani, na simu zake zisipokelewe. Dada Kobe alikubali. Akaona ni wivu, na wivu akauona ni mapenzi.

Sasa Bampa hayupo kwenye gogo lake, na mlio unatoka kwa Spana.

"Mimi nilimwona kwa macho yangu," Mama Spika akadakia. "Asubuhi, huyu huyu, anatoka bwawani na ndoo."

Spana alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, kitambaa cha grisi begani. Hakukana.

"Nilikwenda na ndoo, ndiyo. Nilikuwa namtafuta."

"Unamtafuta umpeleke wapi?" Tai ndiye aliyeuliza. Alikuwa ndani ya karakana ile ile tangu asubuhi, maana gari lake lilizimika mbele ya geti na Spana akalivuta ndani. Alikataa kwenda hata kunywa chai. Amesimama tu kando ya gari lake kama askari wa benki, mpaka wanawake wakasema mwanamume anayejali mali yake atajali na mke. "Mpenzi, usijichoshe. Mwizi hakiri. Waite maafisa wa wanyamapori waje wapekue nyumba yote, kuanzia chumbani kwa huyu mama."

"Mwanangu si mwizi," Mama Spana alisema taratibu, akimtazama Dada Kobe peke yake. "Wewe unamjua."

Pale ndipo Dada Kobe alipotoa neno ambalo baadaye angetamani kulirudisha kooni. Alisema, mbele ya watu wote, kwamba alidhani anawajua, kumbe amekaa miaka yote ukuta mmoja na nyumba ya wezi.

Spana alitoa kitambaa begani, akakikunja, akakirudisha begani. Mama yake alisogea kutoka getini.

"Ingieni," akasema. "Pekueni."

Dada Kobe hakuingia; akapiga simu kwenye kituo cha wanyamapori anakofanyia kazi, maafisa wakaahidi kufika muda si mrefu. Kusikia hivyo Tai akatazama saa, akakumbuka ana mteja anayemsubiri. Akataka gari lake. Spana akamwambia plagi ziko mezani, bado hajazirudisha. Basi Tai akasema gari lake halitalala kwenye karakana ya mwizi hata kwa dakika, atalipeleka kwa fundi mwingine hata kwa kuvutwa. Akawaomba vijana walisukume mpaka barabarani. Nani atamnyima bwana harusi? Hata Mama Spika alitia mkono wake wenye povu.

Gari likaanza kubingirika kutoka getini.

Dada Kobe alikuwa bado amesimama pale pale, antena imeelekea ukutani. Ti, ti, ti. Ti, ti. Ti. Mlio ukaanza kufifia.

Alidhani betri inaisha. Akatikisa kiredio. Akaigeuza antena kulia, kimya. Akaigeuza kushoto, kuelekea barabarani, mlio ukarudi na nguvu zake zote. Gari likasogea, mlio ukasogea. Alichokisahau kwa hasira ni kitu anachowafundisha wanafunzi wake kila siku: chombo huonyesha upande tu, hakisemi ni nyumba au ni kitu kilichoegeshwa ndani yake. Bampa hakuwa ndani ya nyumba ya mtu.

"Simamisheni," alisema. Sauti ilitoka ndogo mno. "Simamisheni hilo gari."

Vijana wakaacha kusukuma. Akatembea kuelekea gari, na kila hatua kiredio kilipiga kelele zaidi, mpaka alipofika nyuma kwenye buti kikawa kinalia mfululizo kama mtoto aliyebanwa kidole mlangoni.

"Fungua buti."

"Mpenzi, hicho chombo chako kimeharibika."

"Fungua."

"Tutaongea nyumbani. Usinidhalilishe mbele ya watu."

Mama Spika hakusubiri. Alinyoosha tu mkono, akabonyeza kitasa, na buti likafunguka.

Soksi. Buti limejaa soksi. Soksi za kiume zilizopangwa vizuri kwenye makreti, kila moja imefungwa kwa utepe wa gundi, na baadhi zinacheza. Dada Kobe alichukua moja, akachana utepe kwa meno. Kikatoka kichwa cha kobe kinachopepesa macho. Alifungua ya pili, ya tatu. Kreti ya mwisho, ndani ya soksi ya buluu aliyomnunulia Tai yeye mwenyewe siku ya kuzaliwa, alikuwemo Bampa, na kiraka chake mgongoni.

Vijana waliokuwa wakisukuma walilizunguka gari, Tai asipate pa kupita.

Tai alikuwa anawajua kobe wenye kifaa mgongoni. Hao wote aliwaacha bwawani. Asichokijua ni kwamba cha Bampa kilizikwa chini ya faiba, kwa mkono wa fundi mwenye mabuti ya matope.

"Ulijuaje wanapolala?" Dada Kobe aliuliza. Kabla hajajibiwa, jibu lilimpiga lenyewe. Alitoa simu yake, akasoma kwa sauti ujumbe alioutuma kwa mkono wake: "Mpenzi, leo nimewaona wadogo kwenye matete ya upande wa mfereji. Bampa yuko kwenye gogo anaota jua. Natamani ungekuwepo." Chini yake Tai alikuwa amejibu kwa moyo mwekundu. Jumbe za namna hiyo zilikuwa nyingi, na kila mmoja una moyo wake.

"Nilikupenda kweli," Tai alisema. "Hii ni biashara tu."

Dada Kobe alivua pete, akaitia ndani ya ile soksi ya buluu, akamkabidhi.

Maafisa walipomchukua Tai, shangazi yake Dada Kobe alipiga simu kuuliza kuhusu maua ya ukumbini.

"Shangazi, hakuna harusi."

"Mwanangu, kadi zimeshafika kwa watu."

"Basi na habari iwafikie."

"Umekula?" shangazi akauliza.

Hakuwa amekula. Alikwenda bwawani na maafisa, akawarudisha kobe mmoja mmoja, na aliporudi jua likiwa linazama alikaa kizingitini kwake, akakumbuka kuna jumbe hakuwahi kuzifungua. Wa Spana ulikuwa wa alfajiri: "Dada Kobe, nimepita bwawani, Bampa hayupo kwenye gogo. Naogopa kiraka kimeachia. Nakwenda kumtafuta na ndoo. Ukiamka nipigie."

Aliusoma, akasimama, akaenda mpaka kwenye geti la mabati.

Mama Spana alifungua. Hakumkaribisha, hakumfukuza.

"Ulisema hii ni nyumba ya wezi."

"Nilisema."

"Mbele ya mtaa mzima."

Dada Kobe aligeuka. Mtaa wenyewe ulikuwa bado barazani, unachambua mambo ya mchana. Akapaza sauti: kwamba amemsingizia mtu asiye na kosa, kwamba Spana hakuiba, alikuwa anamtafuta Bampa wakati yeye amelala, na aliyesikia lile neno mchana alisikie na hili. Mama Spika aliitikia kwa kichwa, na kwa hilo tu ilijulikana kwamba kabla ya kesho habari itafika kila nyumba.

Alipogeuka tena, Spana alikuwa mlangoni, mikono imeoshwa.

"Kiraka kikoje?" aliuliza.

"Kimelegea upande mmoja. Kinahitaji fundi."

"Fundi yupo."

Mama Spana aliwaangalia wote wawili, akashusha pumzi ndefu, akalifungua geti mpaka mwisho.

"Hiyo mikono inanuka bwawa," akasema. "Bomba liko pale. Nawa, uingie ule. Sahani yako nimeshaifunika."