Kolti ya Mzee wa Kanisa

"Mjue anayelengwa. Kisha uwazime."

Simu ya mkuu wake ikakatika. Generosa akairudisha Motorola mfukoni, akasukuma mlango wa karakana kule Fridley, kando ya Minneapolis, Marekani. Nje, theluji. Ndani, harufu ya mafuta ya bunduki na kuku wa kukaanga.

Zachariah alikuwa anakula.

Mzee wa kanisa, mhasibu, Mtanzania aliyeheshimika Minneapolis nzima. Ndiye aliyeficha bastola kuukuu ndani ya vitanda vya hospitali vya msaada, vikasafirishwa hadi Mombasa. Generosa, jasusi kutoka Dar es Salaam, alikuwa amejipenyeza kwake kama fundi wa silaha.

Zachariah alimsukumia bastola moja kwa vidole vilivyong'aa mafuta ya kuku. Silinda ilicheza, haikutulia mahali pake. Aliitaka ikiwa nzima mchana huo huo. Akamwaga mezani kopo la vipuri.

Generosa aliipangusa kwanza. Namba ya kwenye kitako ilikuwa imekwanguliwa, lakini hakuihitaji. Alivuta nyundo ya bastola taratibu, akaitazama silinda ikizungukia kulia.

"Hii ni Kolti," alisema. "Vipuri vyako vingi ni vya bastola za Smith. Zile huzungukia kushoto."

Akachambua. Akapata kijichuma kinachoizuia silinda, cha Kolti nyingine, kinene kidogo. Kilihitaji kupigwa tupa. Akakibana kwenye jiliwa, akauliza kama silaha itatumika kwa mbali au karibu, maana kwa karibu kazi ya harakaharaka ingetosha.

Zachariah akacheka.

"Karibu sana. Mwenyewe ndiye atakayenifungulia mlango."

"Nani?"

"Keziah, nesi wa Burnsville. Aliona mizigo yetu Mombasa, hajui ni yangu, kesho anatoa ushahidi mahakamani. Jumapili aliniombea afya njema." Akalamba kidole gumba.

Kinasa sauti ndani ya kalamu ya Generosa kilikuwa kimelipata jina.

Alikipiga tupa kijichuma upande usiofaa, makusudi. Akakifunga. Zachariah akajaza risasi.

Kalamu ikalia *tik*. Kanda ilikuwa imeisha.

Zachariah aliitazama kalamu. Akainua Kolti, akaielekeza kifuani kwa Generosa, akavuta.

Silinda ikagoma nusu njia.

Generosa alimpiga tupa kwenye kifundo cha mkono, kisha akampiga kiwiko tayani. Mzee wa kanisa akaanguka kifudifudi juu ya mifupa ya kuku.

Generosa akapiga simu kwa wapelelezi waliokuwa kwenye gari upande wa pili wa barabara.

"Yuko chini. Kanda ninayo."

"Umeumia?"

"Nahitaji sabuni."

Alinawa mpaka mikono ikawasha. Harufu haikutoka.

Kisha akashika barabara ya 35 hadi Burnsville. Keziah alifungua mlango akiwa na sweta nene, nyuma yake meza imeandaliwa. Generosa alijitambulisha.

"Nilidhani ni Zachariah," Keziah alisema. "Nimempikia chapati. Ama amekwama kwa snow?"

Generosa hakutafuta maneno laini. Alimsikilizisha kanda, pale pale mlangoni.

Keziah alisikiliza mpaka mwisho, pamoja na kile kicheko. Hakulia. Alivua sweta, akabaki na fulana katika baridi ile, akalishika kwa ncha za vidole kama kitambaa cha kidonda.

"Ni yeye alininunulia," alisema. "Enda nalo. Kesho mnichukue saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Nitakuwa tayari."

Generosa alilitupa sweta kwenye pipa la taka, akafunga kifuniko, akaingia kwenye Ford yake na kuondoka taratibu, madirisha yote yakiwa wazi.