Giaboksi Iliyofungwa Mara Mbili

Kila alasiri Vailet alipotoka shule na kukunja kona ya kwao, mtaa wa Nangara, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa miguu ya baba yake. Ilichomoza chini ya pikapu, soksi moja imetoboka kisiginoni. Kabla hajaamkia, sauti kutoka chini ya gari ilimwambia anywe uji kwanza, kisha alete spana. Basi alivua sare, akawapa mbuzi majani, akachota maji bombani, akavaa gauni la zamani lililojaa mafuta meusi na kuingia kazini.

Pikapu ile ilikuwa kuukuu, ya gia za otomatiki, na ndiyo iliyowalisha. Venance, baba yake, aliwabebea wakulima mazao kutoka Bonga na Singe hadi kwenye maghala ya mjini Babati. Msimu wa mbaazi ulipoanza tu, giaboksi iliungua kwenye mwinuko, gari likiwa limejaa magunia ya watu. Mafundi walimshauri asihangaike kuikarabati. Aweke giaboksi ya kubadilisha gia kwa mkono, walisema, hiyo ndiyo inayostahimili mizigo na vilima. Lakini magereji yote yalikuwa na foleni, na baada ya kununua giaboksi iliyotumika Venance hakubakiwa na cha kumlipa fundi. Akaamua kuifunga mwenyewe, uani kwake.

Hakuwa fundi. Alikuwa dereva aliyewahi kubadilisha plagi na breki, na sasa alikuwa ametazama video nyingi kwenye simu mpaka bando likaisha.

Kornelia, mama yake Vailet, hakumkataza mumewe. Alisema jambo moja tu, kwamba hakuna mtu wa nyumba ile atakayeingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Alisimama pale, mikono kiunoni, hadi Venance alipopanga magogo mazito ya mkaratusi chini ya chesi, fremu inayobeba gari, na kuweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Ndipo akarudi jikoni.

Kazi haikuwa kama kwenye video. Huko bolti zilitoka zenyewe, moja baada ya nyingine. Hapa kila bolti ilikuwa na kutu, na kila moja ilidai ugomvi wake. Giaboksi ya zamani ilikuwa nzito kuliko walivyodhani, na siku ilipoteremshwa Venance alilala mkekani akishikilia mgongo, hakula. Gari halikuwahi kuwa na pedeli ya klachi, kwa hiyo ilibidi kutoboa bati lililo mbele ya miguu ya dereva ili pedeli ipate mahali pa kukaa. Upepo wa kiangazi ulivuma kutoka upande wa mlima Kwaraa, ukamwaga vumbi juu ya kila kilichosafishwa. Vailet alifunika vyuma kwa kanga kuukuu ya mama yake, akavifunua, akavifuta, akavifunika tena.

Na si kwamba alikuwa mtu wa kuleta na kupeleka tu. Zile bolti za juu ya giaboksi, ambako mkono mnene wa baba haukupenya, zilifunguliwa na Vailet. Alijifunza kuzitafuta kwa vidole bila kuziona. Baba alijivunia jambo hilo, akawasimulia majirani.

Lakini mwili una mwisho wake. Shuleni Vailet alianza kusinzia kipindi cha hesabu, na rafiki yake Siti, aliyekaa naye dawati moja, alimfinya mkono kila mwalimu alipogeuka. Siti alikuwa binti wa Hatibu, mwenye duka la vipuri karibu na soko. Klachi waliyokuwa wanasubiri kuifunga ilitoka katika duka hilo.

Ilifungwa Jumamosi. Klachi ndiyo inayoiunganisha injini na giaboksi, na kuziachanisha dereva anapokanyaga pedeli. Ndani yake kuna pleti, duara la chuma lenye ukubwa wa sahani, na pande zake mbili hazifanani. Vailet alikuwa akiifuta alipoona maandishi madogo ya Kiingereza karibu na kitovu chake. Aliyasoma polepole na kuyaelewa: upande huu uelekee flaiwili, yaani lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini.

Baba alikuwa amelala chali chini ya gari, mikono juu, vumbi limemwingia machoni. Aliipokea pleti, akaigeuza mara mbili tatu, akaipachika. Vailet alichungulia. Yale maandishi yalikuwa yanamtazama yeye, si flaiwili.

Alifungua kinywa. Kisha akakumbuka kwamba muda si mrefu uliopita baba alimkaripia kwa kuleta spana isiyofaa, na hakutaka kukaripiwa tena. Alikumbuka pia kitanda chake. Kama atasema, pleti itatolewa, itafutwa, na wataanza upya. Pengine Kiingereza amekisoma vibaya. Pengine baba anajua.

“Nipe presha pleti,” baba alisema.

Vailet akampa kile chuma kikubwa kinachofunika pleti, na maandishi yakapotea.

Kesho yake baada ya misa jirani yao Marcelino aliwasaidia kuinua giaboksi. Walisukuma, wakatikisa, wakapumzika, wakasukuma tena, hadi ikaingia. Vailet akafunga bolti za juu. Siku zilizofuata zikaenda kwenye nyaya, mafuta na pedeli, na hatimaye, alasiri moja, Venance akaketi kwenye usukani. Kornelia akatoka jikoni, mikono ina unga.

Injini iliwaka. Baba akakanyaga klachi, akasukuma gia ya kwanza. Ikakataa, ikatoa sauti ya kusaga iliyomfanya Kornelia afumbe macho. Alipozima injini gia iliingia vizuri kabisa. Alipoiwasha, ikasaga tena. Alidhani kuna hewa kwenye bomba la mafuta ya klachi, akamweka Vailet kwenye pedeli. Alikanyaga na kuachia, akakanyaga na kuachia, hadi mguu ukatetemeka. Hakuna kilichobadilika.

Venance hakupaza sauti. Alikaa juu ya gogo, akatazama mikono yake. Wakulima wa Bonga walikuwa wamempigia simu tena asubuhi ile. Mbaazi zao zilikuwa zimelala shambani, na alikuwa amewaahidi.

“Hatibu ameniuzia klachi mbovu,” alisema mwishoni. Alinawa kwa sabuni ya unga na mchanga, akavaa shati safi. Alisema atakwenda dukani kwake sasa hivi, amwambie mbele ya wateja wake, ili na wengine wajihadhari.

Vailet alisimama kando ya gari, amefumbata kitambaa cha mafuta. Alimwona Siti akilini, akiwa dukani kama ilivyo kawaida yake jioni, akisikia baba yake akiitwa mwizi. Alitamani kungoja kidogo. Lakini baba alikuwa ameshafika kwenye geti.

“Baba, usiende,” alisema. “Klachi si mbovu. Tuliigeuza.”

Venance aligeuka. Vailet akamweleza yote, maandishi aliyoyasoma na yalivyoelekea upande usio wake. Kwa nini hukusema, baba akauliza. Vailet akatazama chini.

“Nilikuwa nimechoka, Baba. Na niliogopa.”

Machozi yalimtoka, si mengi, kwa kuwa hata nguvu za kulia hakuwa nazo. Alingoja kukaripiwa. Baba yake alirudi taratibu, akaketi tena juu ya gogo.

“Mimi nami nilihisi,” Venance alisema. “Nilipoipachika haikukaa vizuri. Ilicheza. Nikajiambia bolti zitaivuta mahali pake, kwa sababu sikutaka kuitoa tena. Halafu leo nataka kwenda kumwaibisha mtu sokoni.”

Aliokota spana, akasema ataingia chini ya gari wakati huohuo aanze kufungua. Kornelia akasema hapana. Alichukua spana kutoka mkononi mwake, akafungia sanduku la vifaa chumbani, akatia ufunguo kwenye pindo la kanga yake. Gari lilifungwa vibaya na watu waliochoka, alisema, na halitafunguliwa na watu waliochoka zaidi. Wakala mapema, ugali na mlenda. Vailet akalala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa muda mrefu.

Kesho yake Venance alikwenda kweli kwa Hatibu, pamoja na Vailet. Vailet aliamkia. Baada ya kuitikia, Hatibu aliwapa viti. Venance hakuficha kitu. Alimweleza alivyomdhania na alivyokuwa njiani kuja kumvunjia heshima mbele ya watu, akamwomba radhi. Hatibu alikung’uta vumbi kwenye kaunta.

“Nashukuru umekuja na maneno haya badala ya yale,” alijibu. Akaingia stoo, akatoka na kipande cha shafti kuukuu, ile fimbo ya chuma ya giaboksi, akawaazima. Akawaonyesha jinsi ya kukipitisha katikati ya pleti ili ikae sawasawa kabla ya kukaza bolti. Siti, aliyekuwa akipanga makopo ya mafuta, alimpungia Vailet mkono bila kujua lolote.

Kazi ikaanza upya, lakini safari hii walikubaliana jinsi ya kuifanya. Jua likielekea kuzama, vifaa vinafungwa, hata kama imebaki bolti moja. Siku za shule Vailet anamaliza kazi za mwalimu kwanza. Na kabla ya kitu chochote kufungwa, wote wawili wanakitazama. Giaboksi iliteremshwa. Pleti ilikuwa imekwaruzika kidogo tu, bado ilifaa. Vailet aliyasoma yale maandishi kwa sauti, baba akaigeuza, wakapitisha shafti ya Hatibu, ikakaa.

Siku walipoijaribu, gia ya kwanza iliingia bila kelele. Hakuna aliyeshangilia. Kornelia alimshika mume wake bega, akarudi jikoni kugeuza maandazi. Venance akawapigia simu watu wa Bonga kuwaambia anakuja.

Vailet alikwenda naye. Barabara ya Dodoma ilikuwa na malori mengi, na baba aliendesha polepole, akisikiliza gari kama mtu anayemsikiliza mgonjwa aliyepona jana.

“Vailet,” alianza, “kuchoka si aibu. Mimi nilichoka nikajifanya sijachoka, nawe ukajifunza kwangu. Ukichoka, sema umechoka, tutapumzika. Na ukiona kitu hakijakaa sawa, sema, hata kama ni mimi niliyekiweka. Nitakasirika, ndiyo. Lakini hasira yangu itakwisha kabla chai haijapoa. Tazama kimya chetu kimetugharimu kazi kiasi gani, na kilikaribia kumharibia mtu jina lake. Unanisikia?”

Hakujibiwa. Vailet alikuwa ameegemea mlango, mdomo wazi, amelala. Mbele yao mwinuko ulianza. Venance alikanyaga klachi hadi chini, akashusha gia taratibu ili asimwamshe, na gari likapanda.