Makopo ya Kiangazi

Kila asubuhi, kabla ya kuchota maji, Irambona na jirani yake Sumaya walishuka malishoni chini ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kuangalia makopo yao. Waliyafukia hadi mdomoni, na juu ya kila kopo wakaning'iniza kitambaa chenye mavi mabichi ya ng'ombe. Dundu, wale wadudu wa mavi, waliofuata harufu walitumbukia ndani. Jioni wasichana waliwaweka wote katika chupa moja ya siku hiyo.

Kazi hiyo walipewa na mtafiti kutoka Lilongwe, aliyetaka kujua ni dundu gani hutoka katika kila majira. Mwaka ukiisha, angewapeleka mjini wakawaone dundu wao wakipangwa kwa aina. Irambona hakuwahi kwenda mbali na kambi tangu alipofika na mama yake kutoka Burundi. Safari hiyo aliiota hata akiwa macho.

Wakati wa mvua makopo yalijaa: wadogo wenye kung'aa, weusi wanaoviringisha mavi, na wakubwa wenye pembe. Kiangazi kilipoingia, mavi yalikauka yakawa kama mbao.

"Mi leo tena sina kitu," alisema Sumaya. "Na we?"

Irambona aliogopa. Kwao, mtoto aliyerudi mikono mitupu aliitwa mvivu. Akatoa dundu wenye pembe aliowaficha tangu mvua. "Mimi ninao."

"Eh! Ng'ombe wanakupenda we peke yako!" Sumaya alicheka.

Akaendelea hivyo kiangazi chote.

Mtafiti alipokuja shuleni kwao kuchukua chupa, alimshika dundu mmoja na mguu ukakatika. "Huyu amekufa zamani," alisema. "Nani kamweka humu?"

Irambona alilia, akasema ukweli. Lakini dundu wao walikwisha changanywa katika chupa, na mtafiti hakujua tena yupi wa kweli. Akazimwaga zote. Safari ikafa. Mwaka wa kazi ungeanza upya mvua zikirudi; hadi hapo wangeendelea kuangalia makopo.

"Mi nilileta kopo tupu na aibu yangu yote," Sumaya alisema. "We ndo ukaniharibia."

Mwalimu wao Zénon alimwita Irambona kando. "Binti yangu, kopo tupu nalo lilikuwa jibu. Mgeni aliuliza dundu wako wapi kiangazi. Sumaya alimjibu, wewe ukamziba mdomo. Uongo haumli aliyeusema peke yake."

Kesho yake Irambona alikwenda malishoni, akachungulia kopo lake. Halikuwa na kitu, naye akaliacha hivyo. Ng'ambo ya malisho Sumaya aliinama juu ya lake. Asubuhi hiyo alikuwa amepita mlangoni kwa Irambona bila kumwita.